Farasi Walipokwisha

Sisi tunaokaa Albert Park tunaijua sanamu ya Dick King. Ukitoka bustanini ukaifuata Margaret Mncadi Avenue, ambayo wazee wa Durban wangali wanaiita Esplanade, utaikuta karibu na ghuba: Mzungu juu ya farasi, na farasi mwenyewe hoi, kichwa kakiinamisha. Mwaka 1842 Waingereza walikuwa wamezingirwa na Makaburu hapa hapa bandarini. King akavushwa ghuba usiku, akapanda farasi kwenda Grahamstown kuomba msaada, safari ya kilomita 960 hivi, akafika baada ya siku 10. Alifuatana na kijana wa Kizulu, Ndongeni ka Xoki, ambaye farasi wake hakuwa na tandiko. Ndongeni alishindwa njiani, akarudi. Sanamu ni ya King.

Iliwekwa mwaka 1915. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1916, bandari hii ilikuwa ikipakia melini askari wa Afrika Kusini waliokuwa wakienda Kilindini, Mombasa, ili wapigane na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Wengi wao walikuwa askari wa farasi. Waliowaongoza walikuwa Makaburu wa vita vya zamani, na hakuna mtu aliyewafundisha kupanda farasi, walizaliwa juu ya tandiko.

Sanamu ile inasimulia farasi aliyefika. Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya wale ambao hawakufika. Askari wa farasi, farasi wake akimfia, hufanya nini? Na ile kazi aliyoifanya farasi hutwishwa nani? Swali la kwanza limeandikiwa vitabu vingi. La pili linatuhusu sisi na babu zetu, na halijaandikwa vya kutosha.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Askari wa farasi wa zamani wa Ulaya alipigana akiwa juu ya farasi, kwa mkuki na upanga, na alitegemea uzito na kasi ya mnyama wake kuwavunja adui. Farasi akiuawa, silaha yake kubwa imekwisha. Atachomoa miguu kwenye vikuku, atatafuta farasi mwingine asiye na mwenyewe, la sivyo atajiunga na askari wa miguu walio karibu au atarudi nyuma kwa miguu yake. Kaburu hakupigana hivyo. Kwake farasi alikuwa chombo cha kumfikisha tu. Alifika, akashuka, akamwachia mwenzake hatamu, akalala chini na bunduki yake. Kwa hiyo Kaburu aliyepoteza farasi alibaki na silaha yake kamili. Alichopoteza ni mbuga. Jana alikuwa mtu wa kilomita 60 kwa siku, leo ni mtu wa kilomita 20, na wenzake hawawezi kumngoja. Walikuwa na jina la watu wa namna hiyo, voetganger, yaani mwenda kwa miguu, na halikuwa jina la sifa.

Hapa Natal somo hilo lilikuwa limeshafundishwa kwa ukali. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, jeshi la Waingereza lilizingirwa katika mji wa Ladysmith, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapa tulipo. Walikaa ndani siku 118, tangu tarehe 2 Novemba 1899 hadi 28 Februari 1900. Mlikuwa na regimenti kamili za farasi, watu wenye mikuki na panga na fahari nyingi. Ilipofika Januari malisho yakawa yamekwisha. Farasi walianza kukonda, kisha kufa, na hatimaye ikatolewa amri ambayo askari wa farasi huiogopa kuliko risasi: wanyama waachiliwe wajitafutie, na wengi wapelekwe wakachinjwe. Nyama ikaliwa. Mifupa ikachemshwa ikawa supu nzito, wakaipa jina la mzaha, Chevril, kwa kuigiza supu ya ng'ombe iliyokuwa ikiuzwa madukani. Wapanda farasi wakapewa bunduki za askari wa miguu zenye singe, wakapelekwa kwenye mahandaki kulinda sehemu yao kama wengine. Mtu aliyemsugua farasi wake kila asubuhi kwa miaka akawa anamla kwa kijiko huku akilinda mlima.

Katika vita ile yote, hadi mwaka 1902, Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Walitoka mbali, hata Argentina, wakashushwa bandarini, Durban ikiwa mojawapo, wakiwa wamechoka na bahari, na hawakupewa muda wa kupumzika. Mwaka 1905 huko Port Elizabeth, ambako leo kunaitwa Gqeberha, watu walichangishana wakajenga mnara wa kuwakumbuka: askari amepiga goti, anamnywesha farasi maji kwa ndoo. Ni mnara mzuri. Tafadhali ukumbukeni, kwa maana tutaurudia.

Sasa katika Ladysmith ile ile alikuwamo daktari mmoja wa jeshi, David Bruce, akiwapasua majeruhi, na mkewe Mary akiwa muuguzi. Bruce alikuwa mtu wa ajabu katika habari hii. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1894, alitumwa Ubombo, kaskazini mwa Zululand, kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe na farasi. Wazulu walikuwa na jina la ugonjwa huo, na kutokana nalo ulimwengu mzima leo unasema nagana. Bruce alikuta katika damu ya wanyama kijidudu chenye mkia, akathibitisha kwamba anayekibeba ni mbung'o. Kijidudu hicho leo kina jina lake katika vitabu vya tiba. Baadaye, mwaka 1903, alikwenda Entebbe, Uganda, kuchunguza ugonjwa wa malale wa binadamu, akakuta ndugu yake yule yule.

Maana yake ni hii. Ilipofika mwaka 1916, habari ya mbung'o na farasi haikuwa siri. Iligunduliwa hapa Natal, na daktari wa jeshi lile lile la Kiingereza, zaidi ya miaka 20 nyuma. Wenyeji wa Tanganyika nao hawakuhitaji hadubini, walijua tangu enzi na enzi ni nyika ipi haifugiki. Hata hivyo farasi wakapakiwa.

Jenerali Jan Smuts alifika Mombasa Februari 1916 kuchukua uongozi. Mwezi Machi mambo yalimwendea vizuri: Taveta, kisha Moshi, kisha Kahe. Ndipo akamtuma Jenerali Jaap van Deventer, Kaburu mwenzake, kuingia ndani kuelekea Kondoa Irangi na kikosi cha wapanda farasi. Waliondoka Arusha tarehe 3 Aprili. Siku chache baadaye walikizingira kilima cha Lolkisale, wakateka askari wa Wajerumani wapatao 400, hasa kwa kuwanyima maji. Farasi wa van Deventer nao hawakuwa wamekunywa. Wakaendelea kupitia Ufiome, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa. Ukiwa na ramani ya Tanzania utaona wenyewe walivyokimbia.

Lakini Aprili ni masika. Anayeifahamu njia ya Babati na Bereku kabla haijawekwa lami hahitaji kuelezwa zaidi. Magari yalizama, mikokoteni ya ng'ombe ikazama, na nyuma yao barabara ikafungwa kabisa. Na farasi walikuwa wakifa njiani kila siku. Wapo waliokufa kwa nagana, polepole, wakikonda huku wanakula. Wapo waliokufa kwa ule ugonjwa ambao Makaburu waliuita perdesiekte, ugonjwa wa farasi, ambao ni wa haraka: asubuhi mnyama anapumua kwa shida, jioni povu jeupe linamtoka puani, usiku amekufa. Kwamba unaletwa na visubi wadogo wanaouma usiku kulikuja kuthibitishwa miaka ya 1940. Kuanzia Moshi hadi Kondoa, mwendo wa maili 200 hivi, van Deventer alipoteza wanyama kwa mamia, na alipofika alikuwa na wapiganaji mia kadhaa tu waliofaa kazi. Kondoa ilitekwa na watu ambao nusu yao hawakuweza kwenda mbele wala kurudi.

Hivyo basi walikaa. Hapo ndipo tunapata jibu la swali la kwanza, na halina ushujaa wa sinema. Askari wa farasi asiye na farasi alichimba handaki. Alilinda kilima. Alikwenda vijijini kwa Warangi kutafuta chakula. Aliugua malaria na kuhara damu. Viatu vyake havikuwa vya kutembelea, vilikuwa vya kupandia, vikapasuka. Askari wa miguu wa Afrika Kusini walipomfikia mwishoni mwa Aprili wakiwa wamekanyaga matope njia nzima, ndio waliobeba mzigo mkubwa usiku wa tarehe 9 Mei, Wajerumani walipojaribu kuitwaa tena Kondoa wakashindwa. Wapanda farasi waliokuwapo walipigana kwa miguu kama wao. Usiku ule hapakuwa na tofauti ya mpanda na mwenda kwa miguu.

Farasi wapya waliletwa. Wakafa nao. Jeshi liliendelea kuagiza wengine, na wastani wa maisha ya farasi katika nyika ya mbung'o ukawa wa kuhesabiwa kwa wiki. Van Deventer alifika Dodoma mwishoni mwa Julai, akafuata reli hadi Kilosa mwezi Agosti. Brigedi ya pili ya wapanda farasi, chini ya Jenerali Coen Brits, ilizunguka kwa upande wa Morogoro. Mwanzoni mwa Septemba, huko Kisaki kusini mwa milima ya Uluguru, mikono miwili ya jeshi hilo ilishambulia kila mmoja kwa siku yake bila kupata habari za mwenzake, ikarudishwa nyuma. Kwa kawaida kazi ya kupeleka habari na kuunganisha mikono ya jeshi ni ya mpanda farasi. Sisi hatusemi kwamba Smuts alishindwa Kisaki kwa sababu ya mbung'o peke yake, njaa na milima vilikuwapo pia. Ila mbung'o alikuwapo tangu mwanzo, na hakuna aliyemhesabu katika jeshi la adui.

Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, miezi miwili tu, hesabu za jeshi zinaonyesha vifo vya farasi wapatao 10,000, nyumbu 10,000, ng'ombe 11,000 na punda 2,500. (Nyumbu tunayemtaja hapa ni yule mtoto wa punda na farasi, ambaye watu wa pwani humwita baghala, si nyumbu wa Serengeti. Yule wa Serengeti mbung'o hamwui.)

Kwa upande wa Kenya kulikuwa na kikosi kingine, East African Mounted Rifles, kilichoanzishwa Nairobi Agosti 1914. Hawa walikuwa masetla waliokuja kila mtu na mnyama wake na bunduki yake ya kuwindia. Kuna picha ya wakati ule ya farasi mdogo mweupe aliyepakwa mistari afanane na punda milia, ili adui wasimtambue kwa mbali. Tumeitazama sana picha hiyo na bado hatujaamua kama tucheke. Walipigana Longido Novemba 1914, kisha mwaka hadi mwaka wakapungua, farasi kwa ugonjwa na watu kwa uhamisho. Kwa kuwa wengi walijua Kiswahili cha kutosha kuamrishia watu, jeshi liliwahitaji kwingine. Wakawa maofisa wa King's African Rifles, wakawa wapelelezi, wakawa wasimamizi wa wapagazi. Kikosi hakikuvunjwa kwa sherehe, kiliyeyuka tu. Kufika mwaka 1917 kilikuwa jina bila watu.

Na Makaburu? Hao waliwekwa melini. Kati ya Oktoba na Desemba 1916 wagonjwa zaidi ya 12,000, wengi wao Wazungu wa Afrika Kusini, waliondolewa katika uwanja wa vita, na brigedi za wapanda farasi zikavunjwa. Waliondoka Durban wakiwa wamepanda, wakarudi kusini kwa meli za wagonjwa, wamekonda, ngozi ya manjano kwa malaria, na farasi wao wamebaki mifupa kando ya njia ya Kondoa na ya Morogoro. Smuts mwenyewe aliitwa London Januari 1917, akatangaza kwamba vita ya Afrika Mashariki imekwisha, bado kufagia tu. Ufagiaji huo ulichukua karibu miaka miwili. Jenerali wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Tunaishi katika majengo yanayoizunguka bustani hii, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya, na tunafahamu swali tunaloulizwa dukani, kituoni na katika ofisi za karatasi: mmekuja kufanya nini huku? Mwaka 2008 wenzetu waliulizwa kwa rungu. Hatuna haja ya kulijibu swali hilo hapa. Tunasema tu kwamba njia ya bahari kati ya Durban na Mombasa ina watu wa kwenda na wa kurudi, na katika mwaka 1916 waliopanda meli hapa hawakuulizwa swali hilo na Warangi wa Kondoa, ingawa walikula mtama wao.

Tufike kwenye swali la pili. Jeshi haliwezi kwenda bila kubebewa. Farasi na nyumbu na ng'ombe wakiisha, risasi haziishi uzito, unga hauishi uzito, mzinga hauishi uzito. Mnyama pekee ambaye mbung'o hammalizi kwa wiki sita ni binadamu. Van Deventer alipokwama Kondoa katika masika ya 1916, chakula chake kilitoka Lolkisale, umbali wa maili 120, juu ya vichwa vya watu.

Hebu tufanye hesabu, maana ndiyo inayoeleza yote. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 50 hivi, na posho yake ilikuwa ratili 2 za unga kwa siku. Tuseme anatembea maili 12 kwa siku katika matope. Siku 10 za kwenda, siku 10 za kurudi. Siku 20 kwa ratili 2 ni ratili 40. Akila kutoka katika mzigo wake mwenyewe, anafikisha kwa askari ratili 10 tu. Ili mpiganaji mmoja ale, panahitajika mlolongo wa watu ambao kazi yao kubwa ni kubeba chakula cha watu wanaobeba chakula. Na kila jeshi linavyosogea kusini, mlolongo unarefuka. Ndiyo maana walihitajika watu wengi kiasi kile, na ndiyo maana kitu cha kwanza kupunguzwa kilikuwa posho yao.

Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps. Midomo yetu ikalilainisha jina likawa Kariakoo. Mkuu wake alikuwa ofisa wa Kenya, Oscar Watkins, ambaye kwa haki yake alilalamika mara nyingi juu ya namna watu walivyolishwa na kutibiwa. Mwanzoni walipatikana kwa kuvutwa na mshahara. Mwaka 1917, wapanda farasi wakiwa wamekwisha kurudi makwao, likaja zoezi kubwa la kukusanya watu kwa nguvu huko Kenya: machifu walipewa idadi, na idadi ikajazwa. Ukambani, Kavirondo, Gikuyu, pwani, kila mahali. Walitoka pia Uganda, Nyasaland, Unguja, na katika sehemu za Tanganyika zilizokwisha kutekwa. Upande wa magharibi Wabelgiji waliingia kutoka Kongo, wakaitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, nao walikuja na wapagazi wao kwa makumi ya maelfu. Msomaji wa Bukavu au Kalemie asidhani kwamba tunazungumza habari za wengine. Wajerumani nao walibeba kwa vichwa vile vile, na wao hata daftari hawakuweka.

Waafrika Kusini weusi wapatao 18,000 nao walikwenda, wakiwa wachunga ng'ombe wa mikokoteni na vibarua. Hawa hawamo katika hadithi za wapanda farasi.

Kwa vita nzima, walioandikwa upande wa Waingereza wanakadiriwa kufika milioni 1. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, wanakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga mbovu uliosagwa vibaya na kupikwa haraka na watu waliofika kambini usiku. Mtu wa milimani aliyezoea viazi na ndizi alipewa mahindi magumu, tumbo likakataa. Mtu wa nyanda za joto alipelekwa kwenye baridi bila blanketi la pili. Madaktari wa farasi walikuwa na vitabu vya kulisha farasi, kila aina na kipimo chake. Kwa mpagazi walijifunza kipimo kwa kuhesabu makaburi.

Na nyumbani kulikobaki wake, wazee na watoto? Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mvua zilipokosa baadaye hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Wagogo waliipa njaa hiyo ya kuanzia 1917 jina Mtunya, na wazee wa Dodoma waliendelea kuhesabu miaka kwa jina hilo.

Basi tuitazame tena ile minara. Farasi wa vita vya Makaburu walipata mnara wao mwaka 1905, miaka mitatu baada ya amani. Wapagazi wa Afrika Mashariki walipata sehemu katika sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920. Maneno yaliyochongwa Nairobi, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyeyatunga aliandika kweli kuliko alivyokusudia. Walikuwa miguu kwa sababu miguu minne ilikuwa imekwisha kufa. Lakini majina hayamo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 huko Cape Town kulifunguliwa ukumbusho wenye majina ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za vita ile, kila mmoja na mti wake uliosimamishwa. Ni miaka 120 baada ya yule farasi wa Port Elizabeth na ndoo yake.

Kuna na suala la fedha. Wapagazi wengi walikufa bila kulipwa mishahara yao, na nyumbani hakuna aliyejua pa kudai, au mpagazi aliandikwa kwa jina ambalo karani alilisikia vibaya na kijiji ambacho hakipo. Fedha ikabaki serikalini. Watkins alipigania miaka mingi baada ya vita itumike kwa manufaa ya Waafrika, na serikali ikakataa.

Jina limebaki. Kambi yao ya Dar es Salaam, baada ya mji kutekwa Septemba 1916, ndiyo soko letu na mtaa wetu wa Kariakoo, na ile ya Nairobi ni Kariokor. Siku ya Simba na Yanga, hapa Albert Park pia, utasikia watu wakipigizana kelele juu ya watani wa Kariakoo, na vijana waliozaliwa Durban wanalitamka jina hilo vizuri kuliko wanavyotamka majina ya vijiji vya babu zao. Tulipowauliza wachache lina maana gani, mmoja akatuambia ni neno la Kizaramo.

Katika toleo lijalo tungependa kuchapisha orodha. Kama katika ukoo wako kuna babu au babu mkuu aliyekwenda Kariakoo, akarudi au asirudi, tuletee jina lake kama lilivyotamkwa nyumbani, mahali alikotoka, na chochote alichokisimulia. Jina moja tunalo tayari, la mtu wa Kondoa aliyebeba unga wa van Deventer kutoka Lolkisale. Familia yake inasema alirudi na tandiko la farasi, akalitumia kama kiti.